Naongeaje bei dukani bila kumkomoa muuzaji wa spika, na mi nisipigwe?

Sikio_Jembe:
Wakuu habari zenu, naomba ushauri. Natafuta mziki wa sebuleni, risiva moja (ile ampu inayopokea sauti ya TV na kuendesha spika), spika mbili za mbele na sabufa, TV ninayo. Jumamosi nimekaa duka moja masaa mawili, yule kaka kanivumilia kweli, kabadilisha jozi tatu za spika, waya anahamisha mwenyewe, kanipigia nyimbo zangu kutoka kwenye simu mpaka nikaridhika na jozi ya pili. Narudi home naingia mtandaoni naikuta jozi ile ile bei iko chini. Sasa nafsi inanisuta, nikinunua huko naona nimemtumia tu yule kaka, nikilipa bei yake yote naumia. Nikirudi naanzia wapi?

mzee_wa_besi:
Kabla hujaenda kumbishia, hakikisha unalinganisha kitu kimoja. Huyo wa mtandaoni ni wakala anayetambuliwa na kiwanda? Maana kuna mzigo unaingia kwa mlango wa pembeni, boksi ni lile lile ila ikiharibika waranti hakuna anayeitambua. Kwenye risiva geuza nyuma usome umeme wake, kuna zilizotengenezwa kwa soko la Marekani zinataka volti 120, ukiichomeka kwenye 230 umeshapata jiko. Bei yake ilikuwa tamu lakini.

Ukishajiridhisha ni kitu kile kile, fungua simu umuoneshe. Usimtajie bei ya kutunga, hawa watu wanazijua bei za wenzao kuliko wewe. Mwambie tu "nimezipenda hizi, nachukua leo, hapa nimeziona kwa hii, wewe unanisogezea mpaka wapi?" Hilo neno leo linafanya kazi kuliko kulalamika nusu saa.

Kamba_Mbili:
Mi huruma sina, biashara ni biashara, kusikiliza ni bure, chukua penye nafuu usepe

fundi_ampu:
@Kamba_Mbili siku duka likifungwa utasikilizia spika kwenye picha mkuu 😂

Nimewahi kuuza hivi vitu kwa hiyo nawapa ya ndani kidogo. TV mpya faida yake nyembamba sana, ukimkaba muuzaji hapo unamkaba bure. Spika zina nafasi kidogo, ila waya, mabano ya ukutani na ile waranti ya kuongeza ndo tulipokuwa tunapumulia. Kwa hiyo kama hawezi kushuka usinune, omba vyote kwa pamoja, risiva + spika + sabufa bei moja, alafu waya za spika atoe yeye na aje kufunga. Kwake haimtoki nyingi, kwako ni hela. Na usikubali kuuziwa HDMI ya dhahabu (ule waya wa picha na sauti unaoingia kwenye TV) eti rangi zitakolea, ile ni dijitali, waya ukishindwa kubeba utaona vinukta vinukta au picha inakata, kama havipo basi wa bei kubwa haukuongezei kitu.

Alafu kingine, kuna viwanda vinamkataza muuzaji kutangaza bei chini ya kiwango fulani, ndo maana iliyoandikwa inaweza isiwe ya mwisho. Nenda katikati ya wiki asubuhi, Jumamosi hana hata muda wa kufikiria.

Dada_Rimoti:
Uliza za maonyesho pia, zile zilizowekwa dukani wateja wajaribu. TV ya maonyesho kuwa makini, imewaka kutwa nzima mwanga juu kabisa, na kama ni OLED (skrini ambayo kila nukta inawaka yenyewe) weka picha ya kijivu tupu uangalie kama kuna nembo imegandia. Spika za maonyesho ndo raha, hazichakai hivyo, angalia tu koni (ule uso wa spika unaotikisika) haijabonyea na waya zimekaa. Ila waranti ianze siku ya risiti yako na iandikwe, ya mdomo usikubali.

Na hiyo jozi ya pili uliyoipenda, sauti ilikuwa sawa na zingine? Ikipanda kidogo tu sikio linadanganyika linaona hii ndo nzuri. Rudia huku rimoti umeshika wewe.

Sikio_Jembe:
Mrejesho wakuu. Nimeenda Jumanne asubuhi, rimoti nimeshika mwenyewe, @Dada_Rimoti ulikuwa sahihi, tukisawazisha sauti jozi ya kwanza ambayo ni ya bei nafuu sioni inapozidiwa, nimechukua hiyo. Nilimuonesha simu akacheka akasema kwenye risiva hawezi kabisa, nikaacha. Ila sabufa kanipa ya maonyesho ina mkwaruzo ubavuni, kaandika waranti kamili kwenye risiti, na waya kanikatia bure akaja kufunga jioni. Bado nimelipa zaidi kidogo ya mtandaoni na wala siumii.

Sasa hii sabufa niiweke kona au pembeni ya TV? Kona inanguruma mpaka dirisha linatetemeka

fundi_ampu:
Itoe kona. Iweke pale unapokaa, piga mziki, alafu tambaa kandokando ya ukuta mpaka upate sehemu besi inasikika safi, hapo ndo kwake.

Kamba_Mbili:
Hilo duka liko wapi nikasikilize 😅