Wasifu wa Baba kwa ajili ya arobaini

Kaka Mkubwa: Shikamooni wakubwa. Jumamosi ni arobaini ya Baba. Wasifu tuliosoma mazishini ulikuwa nusu ukurasa: kazaliwa, kajiunga na jeshi, JWTZ, kapigana Vita vya Kagera dhidi ya Idi Amin wa Uganda, kastaafu. Mimi haukunitosha. Mwenye kumbukumbu aandike hapa, niuandike upya.

Shangazi: Marahaba. Andika miguu yake. Mwezi wa mwisho namwogesha mimi. Vidole viwili vya mguu wa kulia havina kucha kabisa. Nikamuuliza, kaka, hizi kucha zilienda wapi? Akasema, "Zilibaki njiani, kule Uganda, kati ya Mutukula na Masaka."

Mjukuu wa Mwanza: Shikamoo bibi. Kwani hawakupanda magari?

Shangazi: Marahaba mjukuu wangu. Magari yalibeba risasi na chakula. Wao kwa miguu mpaka Kampala, zaidi ya kilomita 200.

Mama Mdogo: Novemba 1978 Mwalimu Nyerere katangaza vita redioni: uwezo tunao, sababu tunayo, nia tunayo. Shemeji akaja kuaga usiku, dada ana mimba yako wewe Kaka Mkubwa, miezi mitano. Barua ya kwanza inafika, umeshatoka arobaini. Dada aliilalia ile barua mpaka ikachanika kwenye mikunjo.

Kaka Mkubwa: Hili sikulijua. Asante mama 🙏🏾

Mzee wa Nyumba ya Pili: Wanangu, mapigano ya Lukaya, njia ya Kampala, mmeyaacha. Usiku wa tarehe 10 Machi 1979. Barabara moja, kinamasi huku na huku. Walibya wamekuja na vifaru kumsaidia Amin, sisi tunarudi nyuma gizani, mtu hamwoni mwenzake. Mimi bega limeumia. Baba yenu alinishika mkanda wa suruali hakuuachia mpaka kunapambazuka. Kesho yake brigedi yetu ya 208 ikawatokea hao Walibya kwa nyuma.

Kaka Mkubwa: Shikamoo mzee. Lukaya hakuwahi kutusimulia. Ukiitaja tu, anainuka anakwenda kufungia kuku.

Mzee wa Nyumba ya Pili: Marahaba. Angesimulia nini? Tulipoingia Kampala Aprili watu wanaimba barabarani. Yeye kakaa chini ya mti, kavua buti, kimya. Alikuwa anawahesabu.

Shangazi: Jamani kaka yangu.

Mzee wa Nyumba ya Pili: Wengine wamelazwa Kaboya kule Muleba, kwenye makaburi ya mashujaa. Kila 25 Julai, Siku ya Mashujaa, baba yenu anakuja kwangu asubuhi kabla ya chai. Tunataja majina, yeye moja, mimi moja. Yapo kumi na moja. Akikosea mpangilio tunaanza upya.

Mama Mdogo: Kumbe ndiyo safari yake ya kila mwaka! Dada alikuwa anamwekea kanzu safi wala hakuambiwa ni ya nini.

Kaka Mkubwa: Mzee, naanza wasifu na ule mkanda, kama utaniruhusu.

Mzee wa Nyumba ya Pili: Anza nao.

Mjukuu wa Mwanza: Shikamoo babu. Ijumaa nitakuwa nimefika. Naomba nikae na wewe unitajie yale majina.

Mzee wa Nyumba ya Pili: Marahaba. Njoo na daftari, na uje kabla ya chai.