Kitenzi "ask": lini ni kuuliza, lini ni kuomba?

Mwalimu_Jinja
Salaam wakuu. Nina darasa la S.2 (kidato cha pili) la Kiswahili hapa Jinja, Uganda. Kwenye tafsiri, wanafunzi wakiona "ask" wanaandika uliza popote pale: "She asked for water" inakuwa "Aliuliza maji". Wakigeukia Kiingereza ndipo zinakuja "I asked to him" na "He asked me where do I live". Nianzie wapi? Na "inquire" na "question" niziweke wapi?

Mkalimani_Mbale
Mwalimu, wafundishe kutazama kinachofuata kitenzi kabla ya kufikiria maana. Kikifuatwa na what, where, if au about, ni kuuliza. Kikifuatwa na for na kitu, ni kuomba: "Aliomba maji." For ikifuatwa na mtu, mara nyingi ni kumuulizia: "He asked for the headmaster", alimuulizia mwalimu mkuu. Kikifuatwa na mtu pamoja na shughuli, ni kualika: "They asked us to the kwanjula", walitualika kwenye kwanjula, yaani sherehe ya utambulisho kabla ya ndoa kwa Waganda.

Penye hatari ni kwenye to na kitenzi kingine. "He asked to leave": yeye mwenyewe aliomba ruhusa ya kuondoka. "He was asked to leave": aliambiwa aondoke. Mwanafunzi akizichanganya, aliyefukuzwa anageuka kuwa aliyeaga kwa adabu.

Wanaojua Luganda waambie waipitishe sentensi huko kwanza. Ikikubali okubuuza, ni kuuliza. Ikidai okusaba, ni kuomba. Tofauti hiyo wanayo tayari kichwani, ni Kiingereza tu kinachoificha.

Ile "asked to him" inatokana na "said to him" na "spoke to him". Kwetu mtendwa yumo ndani ya kitenzi, ni-li-MU-uliza, kwa hiyo akivuka kwenda Kiingereza mwanafunzi anatafuta kihusishi cha kumbebea. Ask haikitaki: I asked him, basi.

Sarufi_Kwanza
Naongezea hiyo ya "where do I live". Chukua swali halisi: "Where do you live?" Ondoa alama za kunukuu, ondoa do, badilisha nafsi, kiima kikae mbele ya kitenzi, wakati urudi nyuma hatua moja, kisha weka nukta badala ya alama ya kuuliza: "He asked me where I lived." Swali la ndiyo au hapana linadai if au whether: "She asked me if I was tired." Usikubali that hapo.

Wakati ndio unaowashinda, kwa sababu Kiswahili hakiurudishi nyuma. Tunasema "Aliniuliza ninaishi wapi", na ninaishi inabaki vilevile. Wape mazoezi ya pande zote mbili, siyo upande mmoja.

Mkalimani_Mbale
Kweli kabisa. Kuhusu "inquire": ni kuuliza kwa lugha ya ofisini, na mtu hakifuati moja kwa moja. Huwezi "inquire him". Ni "inquire of him", tena ni nadra. "Inquire into" ni kuchunguza. "Question" kama kitenzi ni kuhoji, na hapa Kiswahili kinatusaidia: polisi wanamhoji mtu, wananchi wanahoji matokeo, yaani wanayatilia shaka. Neno moja linabeba maana zote mbili.

Mwalimu_Jinja
Asanteni sana. Moja la mwisho: mwanafunzi ameandika "He asked permission", bila for. Nimkate alama?

Sarufi_Kwanza
Hapana ssebo, yuko sahihi. Permission, forgiveness na "a favour" zinakubali kukaa bila for, ingawa ni kuomba. Lakini "asked water" na "asked money" mkate. Na angalia bei: "He asked the price" ni aliuliza bei, ila "He is asking 300,000 for the goat" ni muuzaji anayetaja bei anayoitaka.