Bi mkubwa akibanwa na kifua: mnajuaje kama si kikohozi chake cha kila siku?

BintiWete
Assalaam alaykum. Naomba ushauri kwa wenye wazee wenye maradhi sugu ya mapafu. Sisemi pumu, nasema ile ambayo madaktari huandika COPD.

Mama yangu ana miaka 67. Sigara hajaitia mdomoni maisha yake, lakini miaka zaidi ya ishirini amechemsha dagaa pwani kwa kuni mbichi, na nyumbani ni mafiga na makumbi. Sote tulijua ana pumu, mpaka mwaka jana alipopelekwa Unguja akapulizishwa kile kipimo cha pumzi. Ndipo tukaambiwa njia za hewa zimeshaharibika, hazirudi zilivyokuwa. Makohozi yalipimwa, kifua kikuu hana.

Shida ni pale anapozidiwa. Mara ya mwisho Jumatatu alisema kachoka tu. Jumanne hakufagia uwanja. Jumatano makohozi yakawa ya kijani, sie tukasema mafua. Usiku wa kuamkia Ijumaa, saa nane, namkuta kakaa kitako kitandani, mikono kaikita magotini, anatoa neno moja moja: "Fungua... mlango... hewa." Gari tuliitafuta nusu saa nzima. Alhamdulillah alipona, lakini nesi alinitazama kama niliyechelewa kusudi.

Ndani tuna pampu ya buluu, ile ya kuvuta dawa, na vidonge vilivyobaki. Lini tuanze wenyewe, na lini tusiguse kitu tuondoke?

MzeeWaMtemani
Waalaykum salaam mwanangu. Mie ni mgonjwa mwenyewe, sigara nimeiacha 2011, imeniachia zawadi yake.

Nesi asikutie unyonge. Hata mie nilichelewa mara tatu kabla sijaelewa. Jambo la kwanza ni kuijua siku yake ya kawaida. Mie kutoka mlangoni kwangu hadi msikitini napumzika mara moja, chini ya mwembe. Siku nikipumzika mara mbili, najua kuna kitu. Makohozi yangu ni meupe, kikombe kidogo cha kahawa kwa asubuhi. Yakizidi, yakiwa mazito au yakigeuka rangi, hicho kitu cha pili. Viwili vikikutana, na siku ya pili vipo palepale, huwa sisubiri ya tatu.

Mama yako alikwambia Jumanne, alipoacha ufagio.

BintiWete
Wallahi umenichoma hapo. Mama hakosi kufagia hata akiwa na homa.

Karafuu_Kavu
Vidonge vilivyobaki ni vya nini? Kama ni prednisolone, zile dawa za steroidi, sikiliza kisa changu. Baba alizidiwa msimu wa karafuu, tumeanika majamvini, vumbi tupu. Jirani akatupa vidonge vyake, "hivi vinafungua kifua." Kweli vilifungua. Baba akavipenda, kila akibanwa kidogo anameza viwili, kwa miezi. Kumbe ana sukari. Tulimpeleka kiu haimwishi, anakojoa usiku kucha, sukari imepanda kupita kiasi. Na vidonge vile ukivimeza muda mrefu huviachi ghafla, ilibidi apunguziwe kidogo kidogo.

Sasa daktari kamwandikia: akizidiwa, miligramu 40 asubuhi baada ya kula, siku 5, basi. Na siku anayoanza tunampigia simu. Hiyo ni ya baba yangu, usiichukue ukampa mama. Nataka uone tu kwamba ina mwanzo na mwisho.

ShogaWaKonde
Shoga, mpe habbat soda na asali, halafu mfukize ubani chumbani, kifua kitafunguka. Bibi yetu tulimtibu hivyo.

NesiMstaafu
Shoga yangu, asali na habbat soda sina ugomvi navyo, ila visishike nafasi ya pampu. Ubani HAPANA. Moshi ndio uliomtia mama wa watu maradhini, nawe unampelekea mwingine kitandani? Udi, ubani, dawa ya mbu ya kuchoma, vyote vitoke chumba anacholala. Najua Ijumaa bila udi kwetu ni kama hakuna Ijumaa. Mfukize nguo uwani, zipoe, ndipo zirudi ndani.

BintiWete, nikuulize: pampu mama anaivuta vipi?

BintiWete
Anaiweka mdomoni anabonyeza. Nyingine naona inatoka puani kama moshi.

NesiMstaafu
Nilijua. Dawa inaishia ulimini. Akibanwa hawezi kubonyeza na kuvuta kwa wakati mmoja. Anahitaji spesa, lile kopo la katikati. Ukilikosa dukani, chukua chupa tupu ya maji ya nusu lita, ioshe kwa sabuni, iache ikauke yenyewe bila kuifuta. Toboa kitako kwa waya uliopashwa moto, tundu lienee mdomo wa pampu kabisa, pasivuje pembeni. Mama aweke midomo kwenye mdomo wa chupa. Tikisa pampu, bonyeza mara MOJA, avute pumzi polepole mara nne hadi sita mle mle. Subiri kidogo, tikisa tena, ndio ya pili. Usibonyeze mbili kwa pamoja. Chupa hii si kichekesho: watafiti wa Cape Town waliijaribu kwa watoto wenye pumu, matokeo yakatoka 1999, na chupa iliyozibwa vizuri ilifanya kazi sawa na spesa ya dukani. Idadi ya mibonyezo mwulize daktari wake.

Dawa inapofanya kazi, mkalishe ainame mbele, viwiko juu ya meza au mto. Avute kwa pua, atoe kwa midomo iliyobanwa kama anayepuliza uji wa moto, kutoa kuwe kurefu kuliko kuvuta. Na mpepee usoni kwa pepeo la ukili. Upepo usoni hupunguza ile hofu ya kukosa hewa, nimeuona ukifanya kazi kwa watu wazima waliokuwa wakilia.

Yakhe_Chake
Yakhe na kile kidude cha kidoleni cha kupima oksijeni? Mie nimemnunulia mzee wangu, anasoma 90, nyumba nzima inapiga kelele.

NesiMstaafu
Kwa wagonjwa hawa 90 huenda ndiyo kawaida yake. Hospitalini wengi wao tunawawekea oksijeni ifike 88 hadi 92, tukiizidisha wengine hulala usingizi mbaya kwa sababu hewa chafu inajaa damuni. Mpime akiwa mzima, uandike. Ikishuka chini ya hapo ndio habari. Kina mama, kidole chenye piko au rangi ya kucha hukidanganya kipimo. Na kwa ngozi nyeusi kinaweza kusoma juu kuliko hali halisi, kwa hiyo mtazame mtu kwanza, namba baadaye.

Ya kuondoka papo hapo: hamalizi sentensi, midomo au kucha zinageuka buluu au kijivu, anachanganyikiwa au anasinzia wakati wa kubanwa, kifua kinamuuma, au pampu imeshatumika alivyoelekezwa na hakuna nafuu. Hapo hakuna mpango wa nyumbani. Neno moja moja la mama yako lilikuwa la hospitali.

MzeeWaMtemani
Naongeza la gari. Mie nina namba za madereva wawili, nimeshawaambia mchana kweupe: nikipiga usiku, ujue ni kifua. Mmoja akizima simu, yupo wa pili.

ShogaWaKonde
Haya nimesikia la ubani. Na Ramadhani je? Bibi anakataa pampu mchana, anasema itamfunguza.

NesiMstaafu
Masheikh wamekhitalifiana kuhusu pampu, muulize wako. Lakini mgonjwa ana ruhusa yake katika Suratul Baqara, aya ya 184, atalipa siku nyingine. Akizidiwa asisubiri magharibi.

BintiWete
Narudi na habari. Tulikwenda kliniki na daftari. Daktari kamwandikia mpango wa ukurasa mmoja: siku ya kawaida, siku ya kuongeza pampu, siku ya kuanza vidonge na kupiga simu, siku ya kuondoka. Antibayotiki ni pale tu makohozi yakigeuka rangi. Vile vilivyobaki kavitazama, kumbe vilikwisha muda tangu mwaka juzi. Akamchoma na sindano ya mafua.

Mama hajui kusoma vizuri, basi nimemchorea: ufagio umesimama, ufagio umeegemea ukuta, ufagio umelala chini, gari. Nimeubandika kwenye kabati la vyombo. Jiko la gesi dogo tumenunua pia, ila anasema wali wa gesi hauna harufu, na jana nimemkuta uwani anawasha makumbi. Hilo ndilo linalonishinda sasa, mwenye mbinu aniambie.