RAM imeandikwa 3200, ndani ni 2400, halafu nasingiziwa nimeunguza prosesa!

Wakuu, nimekaa nalo rohoni wiki ya tatu, leo nalitoa.

Nahariri video za harusi hapa Mtwara mjini, Shangani. Korosho zikishalipwa tu, harusi zinafuatana mpaka Newala na Tandahimba, kwa hiyo nilitaka kuikamua prosesa yangu (ubongo wa kompyuta), Ryzen 5 3600, kori zote, yaani vichakataji vya ndani yake, ziende 4.2 GHz muda wote. Nikaagiza RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta) za DDR4 3200, hiyo 3200 ndiyo spidi, toka Kariakoo, 8GB mbili. Hela nikatuma yote, mzigo ukaja na basi.

Nachomeka, zinasoma 2400. Naingia BIOS (mipangilio ya msingi ya kompyuta) kutafuta XMP (spidi ya juu iliyopangwa tayari na kiwanda cha RAM), hamna. Nampigia muuzaji: "Kaka, weka 3200 kwa mkono, hizo ndivyo zilivyo." Naweka, Windows inafika nusu, skrini ya bluu. Nampigia tena: "Basi prosesa yako haibebi, iongezee volti." Nikatoka 1.3 mpaka 1.4. Kwa joto hili la pwani prosesa ikagonga nyuzi 92, na skrini ya bluu ile ile! Mara ya tatu akanijibu nimeiunguza mwenyewe, eti spidi ya RAM haihusiani na prosesa.

Haihusiani vipi? Kidhibiti cha RAM kimo ndani ya prosesa hiyo hiyo! Tena kwenye Ryzen hizi, njia ya ndani inayoitwa Infinity Fabric inafuata mapigo ya RAM. DDR hupitisha data mara mbili kwa kila pigo, kwa hiyo 3200 ni mapigo 1600 MHz, na 2400 ni 1200. RAM ikiwa nzito, kori unazozipandisha zinabaki kusubiri data. RAM ikilazimishwa spidi isiyoiweza, inavuruga data na mashine inaanguka, ukiangalia utaapa prosesa ndiyo mbovu.

Nikaamua kutenganisha. RAM 2400, prosesa 4.2: ikarenda (kutoa video iliyokamilika) usiku kucha bila kukohoa. Prosesa nikairudisha ya kiwandani, RAM 3200: chali, hata dakika mbili hazijafika. Nikaazima RAM za 3200 za kweli kwa jamaa yangu wa Ligula, prosesa 4.2, volti zile zile 1.3 za mwanzo. Ikatulia. Harusi ya Mikindani iliyokuwa inarenda dakika 47 ikatoka kwa 43.

Jana jioni nikalibandua lile bati jekundu la juu ya RAM, taratibu, kwa kucha na ncha ya kisu. Chini yake kuna stika nyeupe ya zamani, imekwaruzwa nusu: 8GB 1Rx8 PC4-2400T, hiyo 2400 ndiyo spidi yake halisi. Na ya pili hivyo hivyo. Yaani mtu alikaa chini akayafunika maandishi haya kwa mikono yake, halafu akaniacha nipike prosesa yangu kwa volti!

Nimezipiga picha stika zote mbili nikamtumia muuzaji. Kasoma, kanibloku.

Kama una RAM za bati jekundu zisizo na XMP, usiguse volti kwanza. Fungua CPU-Z (programu ya kusoma vifaa vya kompyuta), nenda ukurasa wa SPD, soma pale Max Bandwidth. Na aliyewahi kupeleka lalamiko Tume ya Ushindani akiwa huku kwetu, duka likiwa Dar, naomba aniambie alianzia wapi. Stika ninazo, risiti ya basi ninayo, meseji zake zote ninazo.