Ada za makarani wa mahakama: mfumo wa Florida au wa New York?

Mchuuzi_Tampa:
Wakuu, habari za mihangaiko. Mwenye nyumba wangu wa zamani amekalia dipoziti yangu, dola 2,650. Leo nimefika dirishani kwa karani wa mahakama hapa Tampa, Florida, naambiwa kufungua dai dogo, yaani kesi ya kudai pesa kidogo, ni kama dola 300. Shemeji yangu yuko Queens, New York, anasema kwao dai kama hili ni dola 20. Ishirini! Kwa hiyo nauliza: makarani wakitaka pesa zaidi, bunge la jimbo lipandishe ada au liwalipe kutoka hazina ya jimbo?

karani_mstaafu:
Nimekaa kwenye dirisha hilo miaka tisa, kaunti moja hapahapa Florida, kwa hiyo pokea pole yangu kwanza. Huyo dada aliyekuhudumia hakupanga bei. Ada zimeandikwa kwenye sheria ya jimbo, naye hawezi kukupunguzia hata senti.

Wananchi walibadili katiba mwaka 1998, utekelezaji ukaanza Julai 2004: kazi za mahakama za ofisi ya karani ziendeshwe kwa ada na tozo za watu wenye kesi. Kaunti 67, kila moja na karani wake, na karibu wote huchaguliwa kwa kura. Kesi zikipungua, mishahara inatetereka. Mwaka 2009 bunge liliweka ngazi za ada kwa kesi za benki kunyang'anya nyumba: dola 395, 900, hadi 1,900 kwa deni la 250,000 au zaidi. Nyumba zilikuwa zinaanguka kama maembe, pesa zikaingia. Wimbi lilipopita, makapu yakabaki matupu. Korona nayo ikaja kufunga milango.

Ndiyo maana nikisikia "tupandishe ada" huwa nacheka kidogo. Unapandisha bei ya bidhaa ambayo wewe mwenyewe unaomba Mungu watu wasiihitaji.

DadaQueens:
Shemeji yako hakosei. Jijini New York dai dogo ni dola 15 likiwa halizidi 1,000, na 20 likizidi, mwisho dola 10,000. Mahakama kule inabebwa na bajeti ya jimbo. Ila msidhani ni bure kabisa. Kesi kubwa, ile namba ya jalada peke yake ni dola 210. Na foleni za jioni, jamani, beba chakula.

Mwanasheria_mtarajiwa:
Mimi ningechagua hazina, na si kwa sababu ya bei tu. Kuna kesi ya Ohio, mwaka 1927: meya alikuwa akisikiliza kesi za pombe, na malipo yake kwa kazi hiyo yanatoka pale tu anapomtia mtu hatiani. Mahakama Kuu ya Marekani ikasema hapo hakuna haki. Karani si hakimu, sawa, lakini ofisi inayokula kwa idadi ya majalada inakaa vibaya machoni pa watu. Hapo Florida hata kuomba wakili wa kukutetea anayelipwa na serikali unatozwa dola 50, na unaomba kwa sababu huna!

Nairobi_Kwetu:
Kwetu Kenya, Ibara ya 48 ya Katiba inasema kama kuna ada, iwe ya kadiri na isimzuie mtu kufikia haki. Hawa wa Florida wangeandika mstari kama huo karibu na ule wa ada.

karani_mstaafu:
@Mwanasheria_mtarajiwa hazina nayo ina wenyewe, mwanangu. Mwaka wa ukata wanaanza kukata mahakama. Na hapa kubadili katiba kunataka asilimia 60 ya kura. Mimi ningelainisha ngazi za ada kwanza. Dai la 2,500 ni kama dola 175, ukizidisha dola moja tu unaruka hadi 300. Nimeona watu wakifuta tarakimu mbele yangu kwa kalamu, wanaandika 2,500 kamili.

Mchuuzi_Tampa:
Mzee, umejuaje? Ndivyo nilivyotaka kufanya.

karani_mstaafu:
Piga hesabu kwanza. Unaacha 150 ili uokoe 125. Tena ukishinda, ada uliyolipa huongezwa juu ya anachodaiwa. Shida ni kama hizo 300 huna leo. Basi omba fomu ya wasio na uwezo. Kipato kisizidi mara mbili ya kiwango cha umaskini cha serikali kuu. Soma vizuri lakini, mara nyingi hawakusamehi, wanakuandikia ulipe kidogokidogo, na mpango wenyewe una tozo.

DadaQueens:
Msamaha wenye tozo 😂

Mchuuzi_Tampa:
Nimekopa 300 kwa jirani. Kumpelekea mwenye nyumba hati ya wito je, lazima sherifu, yule askari wa kaunti?

karani_mstaafu:
Sherifu ni dola 40. Akiwa anaishi humu Florida, barua ya rejista yenye kurudisha sahihi inatosha. Muulize karani akuandalie, na utunze risiti.