Steam Deck inakwama baada ya nembo tangu nibadilishe kadi ya kumbukumbu

Mwandishi wa Kondele, Kisumu

Habari za jioni, wakubwa wangu. Nina Steam Deck, ile mashine ya michezo ya kushika mkononi, ya LCD yenye diski ya GB 256. Naichezea michezo, na nikiiunganisha na skrini na kibodi huwa ndiyo kompyuta yangu ya kuandikia ripoti ya mwaka wa mwisho chuoni. Wiki iliyopita niliongeza mstari mmoja katika faili la /etc/fstab ili kadi ya kumbukumbu ifunguliwe kila mashine inapowaka, na kwa siku tatu mambo yalikwenda vizuri. Jumamosi nikaweka kadi nyingine. Tangu hapo feni inazunguka, nembo inatokea, kisha kioo kinakuwa cheusi na kubaki hivyo. Fundi mmoja mjini ameniambia dawa ni kufuta kila kitu na kuweka mfumo upya, lakini ripoti imo humo ndani na nakala niliyo nayo nje ni ya mwezi uliopita. Naomba kujua namna ya kutambua inakwamia wapi kabla sijafuta chochote.

Mkazi wa Kakamega

Ndugu, usikubali ifutwe. Hata ukilazimika kutumia flashi ya urejeshaji, lipo chaguo la kuweka mfumo upya bila kugusa faili zako, na lipo jingine linalofuta yote. Soma kila neno kabla ya kubonyeza.

Fundi wa Nakuru

Kwa maelezo yako, nembo ikionekana maana yake programu ya ubao (ile inayoamsha vifaa kabla ya mfumo) imefanya kazi yake, kwa hiyo hitilafu iko mbele ya hapo, na mimi naushuku huo mstari wa fstab. Mstari usio na neno `nofail` unauambia mfumo kwamba kadi hiyo ni ya lazima. Kadi mpya ina UUID (namba ya utambulisho) tofauti, hivyo systemd, programu inayoanzisha mfumo, huisubiri ile ya zamani kwa sekunde 90, na isipoonekana huacha kuendelea.

Thibitisha kwanza. Zima kabisa, kisha shikilia kitufe cha nukta tatu huku ukibonyeza cha kuwashia. Itatokea menyu yenye maandishi yaliyolala ubavu, kwa sababu kioo chenyewe kimetengenezwa cha wima, 800 kwa 1280. Usidhani nacho kimeharibika. SteamOS, yaani mfumo wa mashine hii, huweka nakala mbili za mfumo, A na B, na kila nakala ina sehemu yake ya /var, ambamo mabadiliko ya /etc huhifadhiwa. Ikiwa uliandika mstari huo baada ya sasisho la mwisho, nakala ya zamani haiujui. Chagua hiyo. Sehemu ya /home, yenye faili zako, ni moja kwa zote mbili, kwa hiyo ripoti utaikuta, na jambo la kwanza kabisa uinakili kwenye flashi.

Baada ya hapo, ikiwa nakala iliyokwama ni A, fungua Konsole (dirisha la kuandikia amri) na uandike `sudo mount /dev/nvme0n1p6 /mnt` ili kuifungua /var yake. Kwa B ni p7. Faili unalolitafuta ni /mnt/lib/overlays/etc/upper/fstab. Ufute mstari wako wote, kwa maana SteamOS hufungua yenyewe kadi iliyoumbizwa ndani ya mashine, na fstab haihitajiki hata kidogo.

Mwandishi wa Kondele, Kisumu

Nimerudi na majibu. Kabla ya kugusa kitu niliiwasha ile nakala iliyokwama kwa kuchomeka kibodi kwenye tundu la USB-C, nikabonyeza `e` katika menyu na kufuta neno `quiet` linaloficha ujumbe wa kuwaka, nikaona kwa macho yangu mstari mmoja ukihesabu sekunde hadi dakika moja na nusu, ukiwa na UUID ya kadi niliyoitoa. Nakala ya zamani iliwaka mara moja. Ripoti nimeinakili mara mbili, mstari nimeufuta, na A sasa inawaka kama zamani, kadi mpya ikiwa ndani. Asante sana, fundi.

Fundi wa Nakuru

Vizuri. Ukihitaji kufungua diski ya nje kwa fstab siku nyingine, andika `nofail,x-systemd.device-timeout=5s` ili mfumo usiisubiri zaidi ya sekunde tano, kisha uiwashe mashine mara moja bila hiyo diski ukiwa bado nyumbani.