Podrá, podría, estará: nisaidieni na mkataba wa mkimbiaji kabla hajatia sahihi

Mfasiri_Nakuru

Hamjambo wadau. Kijana mmoja wa huku kwetu Nakuru amealikwa kukimbia marathoni Uhispania mwezi wa Desemba, na mkataba umekuja kwa Kihispania kitupu. Tangu marehemu Kelvin Kiptum akimbie Valencia mwaka 2022 kwa saa 2, dakika 1 na sekunde 53, vijana wetu wanaitazama nchi hiyo kwa hamu. Wakili wake anataka nakala ya Kiingereza. Nimekwama kwenye mambo ambayo huenda yakatokea:

«El organizador podrá reducir la prima si el atleta llega lesionado.»

«Podría haber cambios en el recorrido.»

«El atleta no podrá participar en otra carrera durante los 30 días anteriores.»

Zote zimetoka kwenye kitenzi kimoja, *poder* («kuweza»). Niweke *may* kotekote? Halafu mratibu ametuma ujumbe kwa simu kuhusu viza: «El visado ya estará listo.» Kijana ameshaanza kutafuta nauli ya Nairobi akaichukue.

Dada_wa_Kisumu

Ndugu yangu, mwambie asipande gari kwanza! Hiyo *estará* ina sura ya wakati ujao, lakini ikiandamana na *ya* («tayari») namna hiyo, mara nyingi mwenyewe anakisia. Hata sisi husema «atakuwa ameshafika nyumbani» bila kumpigia mtu simu. Andika *The visa should be ready by now*. Ukiandika *will be ready* utakuwa umempa kijana ahadi ambayo hakupewa. Mwulize mratibu waziwazi: amearifiwa na ubalozi, au anahesabu siku tu?

Sasa mkataba. Mimi kila nikikutana na *poder* kwenye karatasi za kisheria, naipitisha kwanza kwenye Kiswahili: ni «ana haki ya» au ni «huenda»? Kiswahili kinakulazimisha kuchagua. Kiingereza hakikulazimishi, maana *may* inabeba yote mawili, na hapo ndipo watu wanapoumizwa.

Sentensi ya kwanza ni haki. Mwandalizi amejipa ruhusa ya kukata fedha kijana akifika akiwa ameumia, na akitaka ataitumia. *The organiser may reduce* inafaa, ila usithubutu kuandika *might*. Ukiandika hivyo wakili ataiona kama tahadhari tu, kumbe ni fedha za kijana. Tena muulize wakili huyo: fedha zitapunguzwa kwa kiasi gani, na ni daktari wa nani atakayesema kijana ameumia? Sentensi uliyoweka hapa haisemi.

Ya pili ni «huenda». Hakuna anayepewa haki yoyote, ni taarifa kwamba njia inaweza kubadilika. *There could be changes to the course*, au *might*, zote sawa.

Ya tatu ndiyo ya kuangaliwa sana. Ukiweka *may not take part*, mtu anaweza kuisoma kuwa «huenda asishiriki», kama vile ni hiari yake. Kihispania hapo kinakataza kabisa mbio nyingine katika siku 30 za kabla. Weka *must not* au *shall not*. Kijana akienda kukimbia mbio za barabarani hapa nyumbani wiki mbili kabla ya safari, amevunja mkataba.

MwalimuMstaafu_Kakamega

Dada amesema kweli. Mwanangu, mimi nachagua *shall not*, kwa sababu mawakili wetu wameizoea, lakini ukichagua moja ishike hadi ukurasa wa mwisho. Ukichanganya, msomaji atadhani umekusudia tofauti.

Angalia pia vitenzi vyenye miisho ya kizamani, mfano «si el atleta no compareciere». Katika mazungumzo ya kila siku hutaisikia, imebaki kwa wanasheria. Usihangaike nayo: *if the athlete does not appear* inatosha. Na «cuando cruce la meta» ni *when he crosses the finish line*. Usitie *will* baada ya *when*, wala usiongeze *may* ati kwa sababu kitenzi kimebadilika umbo.

Mfasiri_Nakuru

Ahsante sana dada, shikamoo mwalimu. Mratibu amejibu: alikuwa anakisia! Ubalozi haujamwambia lolote, kwa hiyo kijana anaendelea na mazoezi. Limebaki moja: «el premio y, en su caso, la bonificación». Programu ya kutafsiri imeniandikia *in your case*.

Dada_wa_Kisumu

Ifute hiyo. *En su caso* hapo maana yake «kama ipo», kwa hiyo andika *the prize and the bonus, if any*. Zawadi ni ya hakika kwa atakayeishinda, lakini bonasi inategemea kifungu kingine. Kitafute, pengine ni cha muda wa kumaliza mbio, na kijana akisome kabla ya kutia sahihi.